Nauli ya Kwenda Kupima Soko: Kazi ya Mwanafunzi wa Usanifu wa Majengo

Mzazi wa Kehancha aliyejinyima ili mwanawe asome usanifu wa majengo huweza kushangaa siku kijana huyo anaporudi nyumbani likizo. Badala ya kusimulia habari za saruji na nondo, kijana hufungua mkoba wake akatoa futikamba, penseli na daftari lililojaa michoro. Kisha husema: "Baba, walimu wametuagiza kila mmoja achague jengo la msanifu mwenye sifa, alisome na kuliandikia taarifa. Naomba nauli ya kwenda Dar es Salaam kulipima soko la Kariakoo."

Mzazi naye hujibu: "Mwanangu, soko hilo limekwisha jengwa tangu zamani. Lina haja gani ya kupimwa tena?"

Swali hilo ni la haki, maana nauli si kitu kidogo, na safari ya kutoka mpakani Isebania na Sirari mpaka Dar es Salaam ni ya zaidi ya kilomita elfu moja. Basi yafaa kueleza kazi hiyo ni ya namna gani, hufanywaje, na ina faida gani kwa kijana, kwa mzazi wake, na kwa mji wa Kehancha.

KAZI YA MSANIFU

Kila mtu amjua mwashi, naye ndiye apangaye matofali. Na kila mtu amjua seremala, naye ndiye apigaye kenchi za paa. Msanifu wa majengo ni mtu wa tatu. Yeye hulifikiri jengo zima kabla jiwe la kwanza halijawekwa. Huamua mlango uelekee wapi, jua la mchana liingie au lizuiwe, maji ya mvua yapite njia gani, watu mia wakiingia kwa pamoja wapishane vipi, na mzigo wa paa ubebwe na nini. Mawazo hayo huyaweka katika michoro, na mafundi huifuata.

Elimu hii haipatikani katika vitabu peke yake. Fundi cherehani hodari hujifunza kwa kulifumua koti la zamani lililoshonwa na fundi mkubwa, aone kitambaa kilikatwaje na mshono ulifichwa wapi. Mwanafunzi wa usanifu hawezi kulifumua jengo la watu. Kwa hiyo hulipima kila sehemu na kuichora upya katika karatasi. Mkono wake unapofuata mstari baada ya mstari, akili yake hulazimika kuuliza: kwa nini nguzo hii imewekwa hapa na si pale? Kupima ndiko kufumua kwake.

MAFUNZO YALIYO KARIBU NA NYUMBANI

Kabla ya kusafiri mbali, mwanafunzi mwenye busara hujizoeza karibu na kwao. Kijana wa Kehancha ana bahati kubwa, kwa kuwa katika kaunti yake ya Migori liko jengo linalojulikana ulimwenguni kote. Nalo ni Thimlich Ohinga, lililo kiasi cha kilomita 46 kaskazini magharibi ya mji wa Migori. Katika mwaka 2018 shirika la UNESCO lililitia katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Thimlich Ohinga ni maboma ya mawe yanayodhaniwa kuwa yalijengwa katika karne ya 16. Watu walikaa ndani yake pamoja na mifugo yao, wakajilinda na maadui na wanyama wakali. Kuta zake zina urefu wa kwenda juu wa kati ya mita 1.5 na mita 4.5, na unene wa kama mita 1. Ajabu yake ni kwamba hazina saruji, wala chokaa, wala udongo wa kuyashika mawe. Kila jiwe limeshikwa na mwenzake.

Mpita njia huona rundo la mawe yaliyopangwa vizuri. Lakini mwanafunzi akitazama kwa makini ataona kwamba ukuta una sehemu tatu. Upo upande wa nje uliopangwa kwa uangalifu, upo upande wa ndani uliopangwa hali kadhalika, na katikati yamejazwa mawe madogo yanayozifunga pande hizo mbili pamoja. Ataona pia kwamba milango ni mifupi na myembamba, imefunikwa kwa mawe marefu yaliyolazwa juu. Aingiaye hana budi kuinama, na adui aliyeinama hana nguvu ya kupigana.

Majina ya waliojenga hayakuandikwa popote, wala hapana mchoro walioacha. Ukuta wenyewe ndio barua yao. Hapo kijana hujifunza somo la kwanza, nalo ni hili: kila kitu katika jengo jema kina sababu, hata kama mwenye sababu hayupo tena kuieleza.

BEDA AMULI NA SOKO LA KARIAKOO

Jengo ambalo kijana ameombea nauli lina habari nyingine, kwa maana msanifu wake anajulikana kwa jina. Alikuwa Beda Amuli, Mtanzania aliyezaliwa mwaka 1938 na kufariki mwaka 2016. Alisoma usanifu katika chuo cha Technion mjini Haifa, Israel. Mwaka 1969 akafungua ofisi yake mwenyewe Dar es Salaam, wakati ambapo ofisi za namna hiyo katika Afrika ya Mashariki zilikuwa karibu zote za wageni. Kwa sababu hiyo hutajwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza walioishika kazi hii kwa mikono yao wenyewe.

Mahali penyewe pana historia. Jina la Kariakoo latokana na jeshi la wapagazi wa Kiingereza wa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, lililoitwa "Carrier Corps", nalo likageuzwa na ndimi za wenyeji mpaka likawa neno la Kiswahili. Hata Nairobi liko eneo lenye asili hiyo hiyo ya jina. Soko la zamani la Dar es Salaam lilikuwa katika jengo lililoanzishwa na Wajerumani kabla tu ya vita hivyo. Mji ulipokua, jengo hilo halikutosha, na Amuli akapewa kazi ya kubuni soko jipya. Lilijengwa katika miaka ya kwanza ya 1970, likafunguliwa mwaka 1975.

Amuli angaliweza kuchukua mfano wa soko la Ulaya na kuunakili. Hakufanya hivyo. Alianza kwa kujiuliza Mwafrika hufanyaje biashara yake tangu zamani. Jibu lilikuwa rahisi: hutandika bidhaa zake chini ya mti. Mti humpa kivuli, lakini haumzuilii upepo; wala mti hauna mlango, bali kila mtu hupita atakapo.

Basi paa la soko lilifanywa kwa maumbo makubwa ya zege yaliyosimama juu ya nguzo, kila moja mfano wa mwavuli uliopinduliwa, au mti uliotandaza matawi yake. Chini yake ni kivuli kipana, na hewa hupita pande zote. Tena mwavuli uliopinduliwa hukusanya maji. Mvua inyeshapo juu ya paa, maji huteremka kuelekea katikati, yakashuka na kuwekwa akiba katika matangi. Hivyo umbo moja hufanya kazi tatu: kutia kivuli, kupitisha hewa, na kukinga maji. Chini ya ardhi imechimbwa sehemu nyingine ya soko, ambayo wafanya biashara wameizoea kwa jina la Shimoni.

JINSI KAZI INAVYOFANYWA

Mwanafunzi hawezi kufika sokoni na kuanza kutandaza futikamba kati ya wauza nyanya. Kwanza hupata barua kutoka chuo chake, akaenda nayo kwa wenye mamlaka ya jengo, akaomba ruhusa kwa adabu. Kisha huchagua saa ambayo hatawazuia watu kazi zao.

Upimaji wenyewe una kanuni ambazo hata fundi wa kijijini anazijua. Ili kuhakikisha kwamba pembe ya chumba ni sawasawa, hupima mita 3 katika ukuta mmoja na mita 4 katika ukuta wa pili, kuanzia pembeni. Ikiwa kamba inayounganisha alama hizo mbili ina mita 5 kamili, pembe ni sawa. Ikizidi au kupungua, kuta zimepinda.

Kwa vitu virefu asivyoweza kuvifikia, huweza kutumia kivuli. Husimamisha kijiti cha mita 1 mahali pa wazi. Tuseme kivuli chake ni sentimita 50, na saa ile ile kivuli cha nguzo ni mita 4. Kijiti ni mara mbili ya kivuli chake. Basi na nguzo ni mara mbili ya kivuli chake, yaani mita 8. Lakini sharti ardhi iwe tambarare, na vipimo viwili vichukuliwe pamoja, kwa sababu jua halingoji.

Baada ya hapo vipimo hutiwa katika karatasi kwa kipimo kidogo. Mara nyingi sentimita 1 ya karatasi husimama badala ya mita 1 ya jengo, hata ukuta wa mita 30 ukawa mstari wa sentimita 30. Mwanafunzi huchora michoro ya namna tatu. Wa kwanza ni kama jengo lililotazamwa na ndege baada ya kuondolewa paa, nao huonyesha vyumba na njia. Wa pili ni wa uso wa jengo, kama aonavyo mtu aliyesimama mbele yake. Wa tatu ni kama jengo lililokatwa kwa kisu toka juu hata chini, mfano wa mtu akatavyo papai, ili yaonekane yaliyo ndani. Mchoro huu wa tatu ndio unaofundisha zaidi. Katika soko la Kariakoo ndio unaoonyesha jinsi paa, nguzo, sakafu na Shimoni vinavyohusiana.

KUTAZAMA NA KUULIZA

Hata hivyo vipimo peke yake ni mifupa isiyo na nyama. Mwanafunzi hukaa katika jengo alfajiri, adhuhuri na jioni, akaandika ayaonayo. Jua la saa nane linafika wapi? Upepo unatoka upande gani? Watu wanasongamana mahali gani, na mahali gani hapana mtu? Mvua ikinyesha, maji yanatuama wapi? Mpagazi mwenye gunia begani anapita njia ipi, naye anakutana na nani?

Huwauliza pia wanaolitumia jengo. Mama aliyeuza ndizi mahali pamoja kwa miaka mingi hujua mambo ambayo msanifu mwenyewe hakuyajua alipokuwa akichora. Atasema mahali palipo na giza, ngazi inayochosha, na pembe inayonuka. Mwanafunzi mwema huyaandika hayo yote, mazuri na mabaya. Sifa za msanifu hazimzuii kusema kwamba jambo fulani halikufaa, wala kasoro moja haimfanyi alidharau jengo zima.

MALI BILA DAFTARI

Siku ya tarehe 10 Julai 2021 moto uliwaka katika soko la Kariakoo usiku. Watu wa Dar es Salaam walisimama wakitazama moshi ukitoka katika jengo walilolijua tangu utoto, na wafanya biashara wengi walipoteza mali zao. Baada ya msiba huo serikali ya Tanzania iliamua soko litengenezwe, na jengo jingine lijengwe kando yake.

Hapo ndipo jibu la swali la mzazi linapoonekana wazi. Jengo likiungua, fundi anayeitwa kulitengeneza atajuaje nguzo ilikuwa na unene gani, au maji yalishuka kwa njia ipi, ikiwa hapana mchoro? Watu hukumbuka kwamba jengo lilikuwa zuri, hawakumbuki sentimita. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na jengo ni mali ya watu wengi. Kila mwanafunzi anayelipima jengo kwa uaminifu na kuiweka michoro yake katika maktaba ya chuo, huongeza ukurasa katika daftari hilo.

Tena majengo hayapotei kwa moto tu. Mengine hubomolewa ili kupisha barabara au jumba kubwa zaidi; mengine hubadilishwa kidogo kidogo, dirisha likazibwa leo, ukuta ukaongezwa kesho, mpaka wazo la kwanza likafichika kabisa. Nyumba za mviringo za wazee zilizozunguka boma la ng'ombe, ambazo zamani zilikuwa desturi katika nchi ya Wakuria, nazo zazidi kupungua. Kijana aliyejifunza kupima soko kubwa anaweza pia kuipima nyumba ya babu yake kabla haijaanguka.

FAIDA KWA KEHANCHA

Yawezekana mtu akasema: "Hayo ni ya Dar es Salaam, mji wa joto na watu wengi. Kehancha ni nchi ya juu yenye mvua. Miavuli ya zege ya gharama kubwa itatufaa nini?"

Ni kweli kwamba mwanafunzi akirudi Kehancha na kutaka kujenga Kariakoo ndogo, atakuwa hakujifunza kitu. Kunakili umbo ni kazi ya kasuku. Alichotumwa kuleta ni sababu, na sababu haina mipaka. Amuli alitazama watu wake wakifanya biashara chini ya mti, ndipo akachora. Basi kijana wa Kehancha na asimame sokoni kwao siku ya soko, atazame wauzaji wanakaa wapi jua likiwa kali, wanakimbilia wapi mvua ikija, na mikokoteni inakwama wapi. Hayo ndiyo yatakayompa umbo la soko la Kehancha, nalo huenda lisifanane kabisa na lile la Kariakoo.

Upo na mfano mwingine ambao kila mwenye nyumba ya mabati anaweza kuutumia bila kungoja msanifu. Paa la Kariakoo lilifanywa likusanye maji, na kila paa laweza kufanya vivyo hivyo. Hesabu yake ni nyepesi: mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita mraba 1 hutoa lita 1 ya maji. Nyumba ambayo paa lake limefunika ardhi ya mita 8 kwa mita 5 ina mita mraba 40. Mvua kubwa ya milimita 25 ikinyesha siku moja, juu ya paa hilo huanguka lita 1,000, nazo ni sawa na madebe 50 ya lita 20. Kiasi fulani hupotea kwa kuruka na kuvuja, lakini hata yakibaki madebe 40, ni safari 40 za mtoni alizookolewa mama wa nyumba hiyo. Kinachotakiwa ni michirizi ya mabati iliyoinamishwa kidogo kuelekea upande mmoja, na tangi safi lenye kifuniko. Maji ya kwanza baada ya kiangazi yaachwe yapite, maana huchukua vumbi na kinyesi cha ndege. Na maji ya kunywa yachemshwe.

JIBU LA MZAZI

Basi kijana anayeomba nauli ya kwenda kupima soko haombi pesa za matembezi. Anakwenda kukaa miguuni pa fundi aliyekwisha fariki, akasikilize mafundisho yake kwa njia ya futikamba. Mzazi ana haki ya kumpa sharti moja au mawili. Amwambie kwanza apime Thimlich Ohinga, ambako nauli ni ndogo, ili mkono wake uzoee. Na atakaporudi kutoka Dar es Salaam, aitandaze michoro yake mezani mbele ya jamaa, aeleze kila mstari una sababu gani, kwa maneno ambayo bibi yake anaweza kuyafahamu.

Akiweza kufanya hivyo, nauli haikupotea. Akishindwa, na arudi tena kwa daftari lake, kwa kuwa jengo alilolitazama bado hajalisoma.